Nani Aisemee Shu?

Mwaka 1929 mkulima mmoja wa Guanghan, katika jimbo la Sichuan lililo kusini-magharibi mwa China, alikuwa akichimba mfereji wa kumwagilia shamba pamoja na jamaa zake, mara jembe likagonga jiwe; walipoliinua wakakuta chini yake vito vingi vya mawe magumu, vimechongwa na kung'arishwa, vya namna ambayo Wachina wa kale waliithamini hata kuliko dhahabu. Mwaka 1934 watu wa makumbusho ya chuo kikuu kimoja cha Chengdu, wakiongozwa na Mmarekani David Crockett Graham, walifika wakachimba kwa muda mfupi wakaondoka, na kazi ikasuasua kwa nusu karne, hata ukafika mwaka 1986 ambapo wachota udongo wa kiwanda cha matofali, wasiokuwa na habari ya taarikhi wala ya makumbusho, waliliibua kwa sepetu zao shimo la kwanza la Sanxingdui, na majuma machache baadaye likaonekana la pili.

Vilivyotoka humo havikufanana na kitu chochote kilichopata kuonekana katika China ya zama zile. Palikuwa na vichwa vya shaba zaidi ya 50, vingine vimevikwa dhahabu usoni. Barakoa ya upana wa sentimita 138, yenye mboni zilizochomoza mbele kama vigingi. Sanamu ya mtu peku, ambayo pamoja na kitako chake ina urefu wa mita 2.6, mti wa shaba wa karibu mita nne, wenye ndege tisa matawini na joka linaloteremka shinani, fimbo iliyovikwa dhahabu, marundo ya pembe za ndovu, na kauri za baharini kwa maelfu. Karibu vyote vilikuwa vimevunjwa, vimeunguzwa, kisha vikazikwa kwa utaratibu, yapata miaka 3,000 na ushei iliyopita. Ufalme uliovifanya huitwa Shu, na katika mashimo yote hayo haukupatikana mstari mmoja wa maandishi.

Habari hizi zilifika katika baraza moja la Mji wa Kale, Mombasa, kwa njia ya binti aliyerejea kutoka masomoni Chengdu, nazo zikazusha ubishi uliodumu kutoka alasiri hadi adhana ya magharibi. Waliobishana ni watatu: mwalimu mstaafu wa taarikhi, mtu wa vitabu na hadhari; sonara, ambaye hasemi jambo pasipo kulipapasa kwanza; na binti mwenyewe. Mimi nilikuwa msikilizaji, na nimeyapanga maneno yao kwa namna ya mjadala kwa kuwa kila nilipojaribu kuyaandika kwa kauli yangu pekee nilijikuta nikimdhulumu mmojawapo.

MWALIMU: Mimi sina ugomvi na wachimbuzi. Ugomvi wangu ni na aiskrimu. Umetuambia, mwanangu, kuwa mwaka 2021 makumbusho yenyewe ya Sanxingdui, si mchuuzi wa njiani, yaliuza aiskrimu iliyofinyangwa kwa sura ya zile barakoa, kwa ladha mbili, moja wameiita ya shaba na nyingine ya kufukuliwa ardhini. Uso ule, kwa dalili zote tulizo nazo, ulikuwa wa ibada. Ama ulikuwa uso wa mungu wao, ama wa mhenga wao aliyekaribia kuabudiwa. Leo mtoto anaulamba hata unayeyuka mkononi, kisha anajipangusa, na wazazi wanacheka wakipiga picha. Nijulisheni tofauti iliyopo kati ya kuienzi turathi na kuitafuna.

BINTI: Shikamoo yako nimekwisha kuitoa, Mwalimu, kwa hiyo niwie radhi nikikupinga. Uso unaoulilia ulikaa ardhini karne thelathini, haukuabudiwa na mtu wala haukulambwa. Hata baada ya kufukuliwa, kwa muda mrefu ulikuwa mali ya wataalamu na wageni wachache, na makumbusho ya mahali pale hayakufunguliwa mpaka mwaka 1997. Kilichoyajaza watu ni mambo haya haya unayoyaona ya upuuzi. Machi 2021, mashimo mapya sita yalipotangazwa, uchimbuzi ulionyeshwa moja kwa moja katika televisheni ya taifa, na wenzangu wa bweni, wanafunzi wa uhandisi na uhasibu wasiopata kununua tikiti ya makumbusho maishani mwao, walikaa mbele ya kioo wakiwatazama wachimbuzi waliovaa kama madaktari wa upasuaji, wamelala kifudifudi juu ya majukwaa yaliyoning'inizwa ndani ya vyumba vya vioo, ili wasikanyage kitu. Siku ile kilionyeshwa kipande cha barakoa ya dhahabu, uso nusu, gramu zipatazo 280. Kabla ya usiku kuingia watu walikuwa wamekwisha kuchora nusu iliyosalia, kila mmoja kwa dhana yake.

MWALIMU: Hapo ndipo ninapoogopa. Kila mmoja kwa dhana yake.

BINTI: Lakini walitazama. Na si kutazama tu, maana vichwa vile vya shaba vilitengenezewa video vikiimba kwa lahaja ya Sichuan, lahaja ambayo mtoto wa shule huambiwa aiache mlangoni. Wewe unaita mzaha. Mimi niliona vijana wa mkoa ule wakisikia, pengine kwa mara ya kwanza, kuwa usemi wa bibi zao umewekwa katika kinywa cha mfalme.

Hapa sonara alitaka kusema lakini Mwalimu alimtangulia, na nadhani ilikuwa heri, kwa kuwa hoja aliyoileta ndiyo iliyoutoa ubishi katika mambo ya sokoni na kuuingiza katika mambo ya milki na nasaba.

MWALIMU: Tuliache la aiskrimu, tushike la nembo, nalo ni zito zaidi. Mwaka 2001, ndani ya mji wa Chengdu, mahali panapoitwa Jinsha, wajenzi waliokuwa wakichimba mitaro waliangukia mabaki mengine ya Shu, ya zama zilizofuata baada ya Sanxingdui kufifia. Humo kilitoka kipande cha dhahabu cha mviringo, chembamba kama karatasi, kipenyo chake sentimita 12.5 na uzito wake gramu 20, kilichokatwa kwa ustadi hata jua la miale 12 likawa linazunguka katikati na ndege wanne wakaruka kulizunguka. Mwaka 2005 serikali ya China ilikifanya nembo ya turathi za nchi nzima, na mwaka huo huo, mwezi wa Oktoba, ndege wale walitariziwa juu ya hariri kwa tarizi ya Sichuan wakapelekwa angani katika chombo cha Shenzhou 6. Sasa fikirini. Shu ulikuwa ufalme kwa haki yake. Mwaka 316 K.K. majeshi ya dola ya Qin yalishuka kutoka kaskazini yakaufuta. Mwenye kuwafuta huja baadaye, au warithi wake huja, akawachukua ndege wao akawabandika katika paji la uso wake, akasema: tazameni, sisi sote tulikuwa wamoja tangu kadimu. Vitabu vilivyosomeshwa kabla ya 1986 vilisema ustaarabu wa China ulizaliwa katika bonde la Mto Manjano, ukatapakaa kutoka huko kama maji yanavyotapakaa sakafuni. Mashimo ya Sanxingdui yaliikanusha kauli hiyo kwa burhani ya shaba. Badala ya kuiacha burhani isimame, wameichukua wakaifanya pambo la kauli mpya.

BINTI: Kauli mpya si ile ya zamani, Mwalimu. Sasa wanazuoni wa kule husema wenyewe kuwa chimbuko lilikuwa zaidi ya moja, na mashimo haya ni moja ya sababu za kuyasema hayo. Dola kuchagua nembo ya nchi nzima kutoka Chengdu, ikaziacha shaba za Anyang, za ufalme wa Shang, zenye maandishi, je, huko si kukiri?

MWALIMU: Kukiri na kumiliki huja katika vazi moja, mwanangu. Uvae miwani yako vizuri.

SONARA: Mmesema mengi juu ya nani mwenye ndege na nani mwenye barakoa, na hakuna aliyeuliza shaba ilitoka wapi.

Kwa insafu sina budi kueleza kuwa sonara huyu, katika maongezi yoyote, hukishika kikombe cha kahawa akakipindua kutafuta mahali kilipoungwa, na kwamba binti alikuwa amemletea kitabu kikubwa cha picha cha makumbusho, naye alikuwa amekaa nacho majuma kadhaa akikisoma kwa lenzi yake ya dukani, picha kwa picha. Aliyoyasema yafuatayo ndiyo yaliyonigusa kuliko yote ya siku ile.

SONARA: Kusubu shaba kuna njia mbili kubwa. Iko njia ya nta, ambayo kitu hufinyangwa kwa nta kikafunikwa udongo, nta ikayeyushwa ikatoka, shaba ikamiminwa mahali pake. Na iko njia ya kalibu ya vipande, ambayo kalibu ya udongo hukatwa sehemu sehemu, ikaunganishwa kukizunguka kiini cha udongo, shaba ikamiminwa katika mwanya uliobaki kati ya kalibu na kiini. Hii ya pili ndiyo iliyokuwa fahari ya mafundi wa ufalme wa Shang, huko Anyang, kilomita elfu moja na zaidi kutoka Guanghan. Na ndiyo iliyotumiwa Sanxingdui. Tazama kichwa hiki: mstari unaopita nyuma ya sikio ni mahali vipande viwili vya kalibu vilipokutana. Ndani ya baadhi ya vitu hivi udongo wa kiini umo mpaka leo, haukutolewa. Mti nao haukusubiwa kwa mara moja, bali shina, tawi, ndege, kila kimoja kwa mahali pake, kisha vikachomekwa na vingine vikaungwa kwa kumiminiwa shaba ya pili juu ya maungio. Hayo ni kwa upande wa mkono. Kwa upande wa madini, wapimaji wameona kuwa risasi iliyochanganywa katika shaba za Sanxingdui ina alama adimu, na alama hiyo imo vilevile katika shaba za Shang. Yamkini walichota katika chimbuko moja, au waliuziana, au palikuwa na mtu wa kati. Kwa hiyo ukiniambia, Mwalimu, kuwa Shu walikuwa watu wa peke yao wasio na deni, shaba inakukanusha.

MWALIMU: Nami nikiambiwa kuwa walikuwa tawi tu la Shang?

SONARA: Shaba itakukanusha vilevile. Mafundi wa Shang walisubu vyombo, mitungi ya mvinyo na vyungu vya miguu mitatu, kwa ajili ya kuwakirimu wazee wao waliokufa, na juu yake huonekana majina ya wazee wale. Watu wa Shu walikuwa na mitungi ya namna hiyo pia, na sura yake inafanana zaidi na ile ya bonde la kati la Mto Yangzi, huko Hubei na Hunan. Lakini waliitia nini? Waliijaza kauri na vito. Chombo cha mvinyo cha watu wengine kimekuwa kwao sanduku la hazina. Kisha utaalamu wote uliobaki waliutumia katika mambo ambayo Anyang hawakushughulika nayo kwa kiasi hicho, yaani uso wa mtu, macho yake, mti, ndege. Mkono mmoja, nia mbili. Mimi nilijifunza kazi hii kwa marehemu baba, naye kwa Muhindi mmoja wa Kutch; je, kipuli ninachomfulia mwanamke wa Mvita ni cha Kutch?

BINTI: Na zile kauri, Ami, umeziona? Kauri haziishi katika mito ya Sichuan. Bahari iliyo karibu iko mbali mno, milima na misitu katikati, na wataalamu hutaja Bahari ya Hindi kuwa moja ya mahali zilikotoka. Bahari hii hii inayopiga ukuta wa Ngome.

SONARA: Zimetobolewa mgongoni?

BINTI: Nyingi zimetobolewa.

SONARA: Basi zilitungwa uzini. Zilikuwa za kuvaliwa au za kuhesabiwa.

Nalipenda swali lile, kwa kuwa lilikuwa la mtu anayeona kitu na wala si la mtu anayeona hoja. Mwalimu, ambaye si mkaidi ingawa hupenda kuonekana hivyo, alinyamaza kwa kitambo, akaagiza kahawa nyingine, kisha akarudi kwa mlango ambao hakuna aliyeutazamia.

MWALIMU: Nimekubali kuwa hapana ufalme usio na deni. Nielezeni jambo moja zaidi, kwani linanikosesha raha. Ninyi nyote wawili mnazungumza juu ya kuhifadhi. Vitu hivi vilivunjwa na nani? Si maadui peke yao, kama walikuwamo, maana adui hubeba dhahabu, haiziki. Viliteketezwa, vikapangwa shimoni kwa tabaka, pembe za ndovu zikalazwa juu, pakafunikwa. Wako wanaosema ni kafara, wako wanaosema ukoo mmoja wa kifalme ulipinduliwa na mwingine ukaviangamiza vitu vya mahekalu ya waliotangulia kwa heshima iliyochanganyika na hofu, na wako wenye rai nyingine. Lolote liwalo, watu wa Shu wenyewe waliamua kuwa nyuso zile zisionekane tena. Sasa sisi tunakuja na gundi na patasi tunaunga. Tunamhifadhia nani? Nani ametupa idhini?

BINTI: Mwalimu, nikueleze habari moja ya mwaka 2022. Katika shimo la pili, lile la 1986, palitoka sehemu ya chini ya sanamu, miguu yenye kucha za ndege, imekanyaga ndege wawili, na kiunoni imekatika. Iliwekwa katika makumbusho hivyo hivyo ilivyokatika, na kwa miaka mingi watu walipita mbele yake, nami nilipita, tukiiona kuwa kitu kamili cha ajabu. Kisha katika shimo la nane kikafukuliwa kiwiliwili cha mtu aliyejipinda, mikono imeshika chini na miguu imerushwa juu nyuma yake, chombo cha shaba kimesimama kichwani mwake. Walipovilinganisha, pale palipokatika pakashikana. Kitu kimoja, mashimo mawili. Ina maana kuwa mashimo yale yalijazwa katika jambo moja, au kwa wakati uliokaribiana, na ina maana kuwa aliyevunja alivunja kabla ya kuzika, akagawa vipande huku na huku. Hilo lote tusingelijua kama wangeliogopa kuunga. Kuunga ndiko kulikotufundisha jinsi walivyovunja.

SONARA: Ni kweli. Fundi hujua namna kitu kilivyovunjika pale anapokitengeneza.

MWALIMU: Hiyo ni faida yenu. Mimi nimeuliza juu ya idhini.

BINTI: Idhini ya nani, Mwalimu? Wa Shu hawapo. Wakulima wa Guanghan wapo, na watoto wao ndio waongozaji wa makumbusho na madereva wa mabasi na wauzaji wa hiyo aiskrimu. Kama idhini ina mwenyewe, ni hao.

Kwa rai yangu binti alishinda katika hoja hii, ingawa hakulijibu swali lenyewe, maana swali lile halina jibu, na Mwalimu alijua hivyo alipoliuliza. Naongeza kuwa katika kuungwa kwa ule mti mkubwa, kazi iliyochukua takriban miaka kumi, kilele hakikupatikana, nao mafundi hawakukibuni. Mti umesimama bila kilele, na mtazamaji anaona mwisho wa maarifa yetu kwa macho yake. Adabu ya namna hiyo ni nadra, hata katika makumbusho yenye majina makubwa kuliko yale.

MWALIMU: Haya, nami niwape kitu. Nasamehe aiskrimu. Nasamehe na nembo, nusu nusu. Liko moja ambalo sisamehe mpaka kaburini, nalo ni hili la watu wa sayari nyingine.

BINTI: Aa, Mwalimu! Hilo hata kule wanalicheka.

MWALIMU: Wanalicheka wasomi, na wanalinunua wengine wote. Umetuonyesha mwenyewe katika simu yako. Macho yamechomoza, masikio yamekuwa makubwa, basi si watu, wametoka angani. Hasira yangu ina sababu, nanyi mnaijua. Mwaka 1954 kilichapishwa kitabu cha James Kirkman juu ya magofu ya Gedi, hapo mbele ya Watamu, na katika anwani yake Gedi umeitwa mji wa Waarabu. Kule kusini, Zimbabwe Kuu iliwahi kupewa Wafoinike, na wengine wakamzulia Malkia wa Sheba, ilimradi isiwe ya Washona. Kila mahali mtu anapokuta kazi kubwa na asipende au asiweze kumwamini aliye jirani nayo kuwa ndiye aliyeifanya, humtafuta mfanyaji wa mbali. Anayesema sayari nyingine amekwenda mbali kuliko wote, ndiyo tofauti pekee. Dola ikichukua ndege ikasema ni wetu sote, angalau imekubali kuwa alikatwa na mtu. Huyu wa sayari amewanyang'anya watu wa Shu hata mikono.

SONARA: Na mikono ndiyo inayoonekana kuliko kitu kingine! Barakoa ile kubwa ina tundu la mraba katika paji la uso. Nyingine ya jamii yake ina pambo la kama joka, limepanda juu kutoka katika mahali pale pale, kwa hiyo tundu lilikuwa la kutilia kitu. Ni mambo ya fundi: anasubu, anapima, anatoboa, anachomeka. Mistari ya maungio haikusuguliwa yote. Ningalimwambia mtu huyo wa sayari, wewe uliyevuka mbingu umeshindwa na tupa?

BINTI: Macho yenyewe yana habari yake. Katika karne ya nne baada ya Kristo, Chang Qu, mwandishi wa nchi ile ile ya Sichuan, aliandika kuwa mfalme wa kwanza wa Shu, Cancong, alikuwa na macho ya namna ya peke yake, na wengi huifasiri kauli ile kuwa ni macho ya kuchomoza. Huyo Cancong ndiye anayesifiwa kwa ufugaji wa viwavi wa hariri, na katika udongo wa mashimo pamepatikana chembechembe za hariri. Hatuwezi kuapa kuwa barakoa ni ya Cancong, kwa kuwa kati ya shimo na kitabu kuna zaidi ya miaka elfu moja na mia tatu. Lakini watu wa pale walikuwa na kumbukumbu ya macho yale, wakaibeba kwa midomo muda wote huo, shaba zikiwa ardhini na hakuna aliyeziona.

MWALIMU: Hilo hukunieleza mwanzo.

BINTI: Ulikuwa ukigombana na aiskrimu.

Tulicheka sote, na Mwalimu zaidi. Hapo binti alifungua kitabu mahali palipo na ile sanamu ndefu, mtu peku amesimama juu ya kitako chake, kanzu yake imejaa nakshi za majoka, na mikono miwili mikubwa mno, ambayo haina uwiano na mwili, imeinuliwa mbele ya kifua, kila mmoja umekunjwa ukafanya duara tupu. Ilishika nini? Wako wasemao pembe ya ndovu, wako wasemao nyoka au joka, na wako wasemao kuwa haikushika kitu, bali mikono yenyewe ilikuwa ishara. Ubishi wa kweli wa siku ile, ambao haukwisha na sidhani utakwisha, ulikuwa huu.

MWALIMU: Makumbusho yameiacha mitupu?

BINTI: Mitupu kama ilivyofukuliwa. Maelezo ya pembeni yanataja rai hizo zote.

MWALIMU: Basi wamefanya vema, na ningetaka wafanye hivyo katika kila jambo. Asiyejua aache nafasi.

SONARA: La, Mwalimu, hapo tunaachana. Tazama maduara haya mawili: hayako katika mstari mmoja. La juu linaelekea huku, la chini linaelekea kule. Fimbo iliyonyooka haipiti. Kitu kilichopinda kinaweza kupita.

MWALIMU: Yaweza kuwa. Au haikushika kitu.

SONARA: Kusema yaweza kuwa si kazi. Kazi ni kupima kipenyo cha kila duara na mshazari wake, kuchukua vipimo vya pembe zilizotoka katika mashimo hayo hayo, kuchonga pembe kumi za mti mwepesi kwa unene na mpindo mbalimbali, kusubu mikono miwili kwa kipimo kile kile, na kujaribu moja baada ya moja, mbele ya watu, nao watoto na aiskrimu zao wakitazama. Ikipita moja, tuandike imepita. Isipopita hata moja, rai ya pembe iondoke katika yale maelezo ya pembeni.

MWALIMU: Na ikipita, kesho yake wataichomeka katika sanamu yenyewe, na kesho kutwa itakuwa imo katika vitabu vya shule kuwa ilishika pembe.

SONARA: Hilo ni kosa la wanaoandika vitabu. Halinihusu mimi ninayepima.

BINTI: Ami, vipimo nitaviandikia barua ya kuviomba. Lakini shaba ya mikono utaitoa wewe.